Hati Iliyofunguka Pasipo na Mtu wa Kuisoma

Mwaka juzi niliitwa katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha, maeneo ya Kurasini, kwa malalamiko ambayo mwanzoni niliyaona madogo: karani anabofya kitufe cha "Fungua hati" katika mfumo wao wa wavuti, na hakuna kinachotokea. Karani mwenyewe ni mama wa makamo aliyeanza kazi za mizigo tangu enzi za karatasi za kaboni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akanionyesha bila maneno mengi. Alibofya, akasubiri, akabofya tena, akanigeukia. "Mwanangu, hapa nabofya tangu asubuhi. Yule kijana aliyetutengenezea, kwenye laptop yake ilikuwa inafunguka vizuri kabisa. Au nyie mna mashine zenu na sisi tuna zetu?"

Swali hilo liligonga penyewe. Nilipofungua msimbo wa mfumo nilikuta kwamba kitufe kile kinatuma ombi kwa seva, yaani kompyuta inayouhifadhi mfumo, na seva ikilipokea inatekeleza amri ya Process.Start, yaani amri ya kuiambia Windows ilichukue faili fulani na kulifungua kwa programu inayolihusu. Kwenye laptop ya yule kijana, seva na kivinjari vilikaa katika mashine moja, kwa hiyo barua ya Word iliyofunguliwa na seva ilitokea mbele ya macho yake, naye akaamini kwamba kazi imekamilika. Mfumo ulipohamishiwa kwenye seva ya ofisi, barua ziliendelea kufunguka kama zilivyoamriwa, ila zilifungukia huko huko kwenye seva. Na kwa kuwa tangu Windows Vista na Windows Server 2008 huduma za mfumo hufanya kazi katika kipindi chao cha peke yao kisicho na skrini ya mtumiaji yeyote, hata mtu aliyekwenda kuketi mbele ya seva ile asingeona kitu. Nilipoangalia orodha ya michakato nilikuta Word zaidi ya 40, kila moja imeshika barua yake, zinakula kumbukumbu ya mashine. Kila mama yule alipobofya, hati ilifunguka kweli, katika chumba kilichofungwa nyuma ya ofisi ya mhasibu, pasipo na mtu wa kuisoma.

Kosa hili nimelikuta tena katika mifumo mingine ya hapa Dar es Salaam, kila mara likiwa na sura yake, na nimefikia kuamini kwamba chanzo chake kiko katika lugha tunayoitumia. Tunasema "kufungua hati" kana kwamba ni tendo moja linalofanywa na mtu mmoja, ilhali katika programu ya wavuti tendo hilo limegawanywa kati ya mashine mbili zisizoonana. Ukurasa ulio mbele ya msomaji ndio unaoamua hati itokee katika dirisha gani. Seva ndiyo inayoamua kama hati itolewe, na ikitolewa, isindikizwe na maelekezo gani. Asiyeutenganisha uamuzi wa dirisha na uamuzi wa maelekezo atahangaika siku nyingi akitafuta upande wa seva jambo ambalo seva haina uwezo nalo.

Waliowahi kufuatilia jambo katika ofisi ya umma wanaifahamu masijala. Mtu haingii mwenyewe kati ya rafu. Anafika kaunta, anataja namba ya jalada, na mtunza masijala anaangalia kama mtu huyo anaruhusiwa kuliona, kisha analileta. Kivinjari ni mtu wa kaunta. Hakijui rafu zimepangwaje, na hakitakiwi kujua. Kijana yule, baada ya malalamiko ya kwanza, alijaribu kurekebisha mambo kwa kumpa mtu wa kaunta njia ya kwenda rafuni mwenyewe: aliweka kiungo kinachoanza na file:// kikielekeza kwenye folda ya pamoja katika mtandao wa ofisi. Njia hiyo iliwahi kufanya kazi katika Internet Explorer kwenye mitandao ya ndani ya ofisi, lakini Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 katika Windows 10 tarehe 15 Juni 2022, na Chrome na Firefox hukataa katakata kiungo cha namna hiyo kinapobofywa kutoka kwenye ukurasa uliokuja kwa HTTP, yaani kanuni ambayo kivinjari na seva hutumia kuombana na kujibizana. Hukataa kimya kimya, bila ujumbe wowote kwa msomaji. Sababu huandikwa katika dirisha la wasanidi ambalo karani hana haja ya kulijua. Ukimya huo una maana yake. Kama ukurasa wowote wa intaneti ungeweza kuelekeza kivinjari kwenye diski ya mtu, tovuti yoyote mbaya ingeweza kupapasa mafaili ya aliyeitembelea.

Njia iliyo sawa ni ile ya masijala. Hati inakaa kwenye seva, nje ya folda ambayo seva inaitoa moja kwa moja kwa umma. Panakuwa na anwani, mathalani /hati/5821, ambayo nyuma yake kuna kipande kifupi cha msimbo kinachouliza nani anaomba, kinasoma baiti za faili lile kutoka kwenye diski, na kuzituma kama jibu la kawaida la HTTP. Ukurasa nao unakuwa na kiungo cha kawaida kinachoelekea anwani hiyo, chenye sifa ya target="_blank", inayoagiza dirisha jipya. Ndivyo ilivyo, na katika mifumo mingi niliyoirekebisha hapakuhitajika hata mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya msimbo unaotekelezwa ndani ya kivinjari.

Yenye kuhitaji uangalifu ni maelekezo yanayosindikiza baiti hizo, yaani vichwa vya jibu. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Kichwa cha Content-Type kinamwambia mpokeaji kilichomo ni kitu gani: application/pdf kwa PDF, image/jpeg kwa picha, na kwa hati ya Word ya kisasa ni jina refu ambalo sijawahi kukutana na mtu aliyelikariri. Mfumo ukituma kila faili kwa jina la jumla la application/octet-stream, unakuwa umekiambia kivinjari kwamba hujui ndani mna nini, na kivinjari kitafanya ambacho mtu yeyote mwangalifu angefanya akipewa mzigo usioandikwa: kitauweka pembeni, yaani kitaupakua. Kichwa cha pili ni Content-Disposition, na thamani zake mbili ndizo zinazoamua kila kitu anachokiona msomaji. Ikiwa ni inline, kivinjari kinajaribu kuionyesha hati hapo hapo. Ikiwa ni attachment, kinaihifadhi kama faili, hata kama kina uwezo kamili wa kuionyesha.

Angalia sasa kinachotokea pande mbili zisipopatana. Ukurasa unasema "dirisha jipya", seva inasema "attachment". Kivinjari kinafungua kichupo kipya, kinaomba hati, kinaambiwa ihifadhiwe, kinaihifadhi, na kwa kuwa kichupo kile hakina cha kuonyesha, kinafungwa. Msomaji anaona kitu kimemulika kama radi ya mbali, kisha ukurasa ule ule wa mwanzo. Simu za malalamiko nilizopokea kuhusu "dirisha linalofunguka na kujifunga" zimekuwa nyingi, na karibu zote zilitokana na hili. Kuna maktaba za programu zinazolichochea kosa hilo bila mtu kujua: katika ASP.NET, zana ya Microsoft ya kutengenezea mifumo ya wavuti, kwa mfano, ukiita kitendo cha File na kukipa jina la faili kama hoja ya tatu, Content-Disposition inakuwa attachment papo hapo. Msanidi anadhani ameipa hati jina tu, kumbe ameamua pia namna itakavyofunguka. Dawa ni kuacha hoja hiyo na kuandika kichwa mwenyewe: inline, kikifuatiwa na jina la faili. Jina lisiachwe, kwa sababu msomaji anaweza kuamua baadaye kuihifadhi hati aliyokwisha kuiona, na bila jina ataihifadhi kama "5821" au kwa jina la ukurasa wa programu, na kesho hataitambua.

Jina hilo liliwahi kunisumbua kwa namna ambayo nadhani mtu asiyeandika Kiswahili asingekutana nayo upesi. Baada ya kuuandika upya mfumo wa ofisi ile, hati zote zilifunguka isipokuwa chache, na zile chache zilileta kosa la seva. Nilizipitia kwa siku nzima. Ukubwa haukuwa sababu, wala aina ya faili, wala tarehe. Hatimaye nikagundua kwamba zote zilihusu ghala moja la Chang'ombe. Mtu akiandika barua katika Word na kuihifadhi bila kuipa jina, Word inapendekeza jina kutokana na mstari wa kwanza wa barua. Na Word hiyo hiyo, mtu anapoandika Chang'ombe, huibadilisha alama iliyonyooka ya ng' kuwa alama iliyopinda. Alama iliyonyooka imo ndani ya herufi za ASCII, yaani zile chache za msingi za kompyuta, iliyopinda haimo, na mfumo wa seva niliotumia hukataa kabisa kutuma kichwa chenye herufi iliyo nje ya ASCII. Kwa hiyo kila barua yenye Chang'ombe katika jina lake iliangusha jibu zima. Suluhisho lipo tangu zamani: kanuni ya RFC 6266 ya mwaka 2011 inaruhusu kuandika jina mara mbili, mara ya kwanza kwa herufi sahili, na mara ya pili kwa filename* likiwa limefumbwa kwa UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, ambapo ile alama iliyopinda inakuwa %E2%80%99. Tangu siku hiyo, kila mfumo ninaoupokea naujaribu kwanza kwa faili lenye neno la ng' ndani yake. Lugha yetu imejaa sauti hiyo, na mifumo mingi tunayoitumia ilitungwa na watu wasioihitaji.

Ikishaamuliwa kwamba hati ionyeshwe, kuna swali la kama kivinjari kinaweza kuionyesha. Kwa PDF jibu kwenye kompyuta ni ndiyo. Zamani ilihitajika programu-jalizi ya Adobe, lakini Chrome ilianza kuwa na kisomaji chake cha PDF mwaka 2010, Firefox ikafuata mwaka 2013. Kwa hati za Word na Excel jibu ni hapana: kivinjari cha kawaida hakina kisomaji chake, na kichwa cha inline hakitasaidia chochote, faili litapakuliwa tu. Kama ni lazima barua ya Word ionekane dirishani, igeuzwe kwanza kuwa PDF. Mimi hutumia LibreOffice kwenye seva, ikiendeshwa bila skrini kwa amri ya soffice --headless --convert-to pdf, na nageuza mara moja hati inapopakiwa badala ya kugeuza kila inapoombwa. Kuiendesha Word yenyewe kwenye seva kwa kazi hiyo sishauri hata kidogo, na Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba hawaungi mkono Office kuendeshwa na programu ya seva pasipo na mtu mbele yake. Zile Word 40 za Kurasini zilinitosha kuelewa kwa nini.

Sasa nije kwenye dirisha lenyewe, maana hapa ndipo kuna kosa ninaloliona baya kuliko yote, kwa kuwa halionekani ofisini.

Wasanidi wengi siku hizi hawatumii kiungo cha kawaida. Mtu anabofya kitufe, JavaScript inatuma ombi kwa seva, inasubiri jibu, na jibu likifika ndipo inaita window.open ili kufungua dirisha lenye hati. Vivinjari vina ulinzi dhidi ya madirisha ibukizi, ulinzi uliotokana na matangazo yaliyokuwa yakitufungukia ovyo miaka ya nyuma, na kanuni yao ni hii: dirisha jipya linaruhusiwa ikiwa limetokana na tendo la mtu, kama kubofya, na ruhusa hiyo hudumu kwa muda mfupi tu. Katika Chrome ni takriban sekunde 5. Safari ni kali zaidi. Msanidi aliyeketi katika ofisi yenye intaneti ya faiba katikati ya jiji anabofya, jibu linarudi ndani ya nusu sekunde, ruhusa ya kubofya bado ipo, dirisha linafunguka. Anafunga kazi, anakwenda nyumbani. Dereva wa lori aliyesimama foleni nje ya bandari, akitumia simu yenye mtandao unaosuasua saa za jioni, anabofya kitufe kile kile, jibu linarudi baada ya sekunde 7, ruhusa imekwisha, kivinjari kinalizuia dirisha. Anabofya tena na tena, na kila mara bando lake linakatwa kwa hati ambayo haioni. Kisha anaambiwa kwamba simu yake ni mbovu.

Kosa la namna hii halionekani katika majaribio yoyote yanayofanywa kwenye mtandao wenye kasi, na kwa mtazamo wangu msanidi anayefanya kazi katika jiji hili ana wajibu wa kuupunguza mtandao wake kwa makusudi kabla ya kusema kazi imekamilika. Zana za Chrome zina kipimo cha kuigiza mtandao wa polepole, na kukitumia hakuchukui dakika mbili. Dawa ya kosa lenyewe ni kurudi kwenye kiungo cha kawaida. Ikiwa kuna sababu ya kweli ya kusubiri seva kwanza, basi dirisha tupu lifunguliwe papo hapo mtu anapobofya, liandikwe "Hati inaandaliwa, tafadhali subiri", na anwani yake iwekwe jibu linapofika. Anayechagua njia hii akumbuke kwamba akiweka noopener, neno linalokata uhusiano kati ya ukurasa na dirisha jipya, katika window.open atarudishiwa null, hatakuwa na dirisha la kuliwekea anwani.

Ukiwauliza wasanidi hao kwa nini waliacha kiungo cha kawaida, wengi wanajibu kwa ukweli: kwa sababu ya tokeni. Mfumo wao unamtambua mtumiaji kwa tokeni, yaani alama ya siri anayopewa akishaingia, inayotumwa katika kichwa cha Authorization, na kiungo cha kawaida hakiwezi kubeba kichwa hicho. Kinabeba vidakuzi tu, yaani taarifa ndogo ambazo kivinjari huzitunza na kuzituma chenyewe kwa seva. Kwa hiyo wanaivuta hati yote kwa fetch, amri ya JavaScript ya kuomba data, wanaiweka katika kumbukumbu ya kivinjari, wanaitengenezea anwani ya muda inayoanza na blob:, na kuifungua hiyo. Njia hiyo inafanya kazi, na sitasema ni haramu, lakini gharama yake inamwangukia msomaji mwenye mtandao dhaifu. Hati ikipita njia ya kawaida, na seva ikitangaza Accept-Ranges: bytes, kisomaji cha PDF kinaweza kuomba vipande vipande kwa majibu ya 206, yaani majibu ya sehemu tu ya faili, na ikiwa PDF imepangwa kwa ajili ya wavuti, ukurasa wa kwanza unaonekana kabla ya nyingine kufika. Hati ikipita njia ya blob, kurasa zote 60 zilizoskaniwa lazima zifike ndipo ya kwanza ionekane, na jina la faili lililoandikwa kwa uangalifu katika Content-Disposition linapotea njiani. Mimi hupendelea mojawapo ya mawili: kidakuzi chenye HttpOnly, yaani kisichosomeka kwa JavaScript, kwa mifumo ambayo kurasa na seva viko chini ya kikoa kimoja, au anwani iliyotiwa saini inayokufa baada ya dakika moja au mbili. Tokeni ya kudumu kuiweka ndani ya anwani yenyewe ni jambo la kukataa kabisa, kwa sababu anwani hubaki katika historia ya kivinjari na katika kumbukumbu za seva, na watu huzituma kwa WhatsApp bila kuwaza.

Na hapo naingia katika jambo lililonifanya niache kuona uchaguzi kati ya inline na attachment kuwa wa kiufundi tu. Katika jiji hili watu wengi wanaohitaji hati iliyochapishwa hawana printa. Wanakwenda steshenari. Jioni moja nilikuwa Mwenge nikitaka kuchapisha kurasa mbili, na yule kijana wa dukani alikuwa na shughuli nyingi, akaniambia niketi mwenyewe kwenye kompyuta. Nilifungua folda ya mafaili yaliyopakuliwa ili nitafute la kwangu. Ndani yake mlikuwa na mamia ya hati za watu nisiowajua: hati za mishahara, nakala za vitambulisho vya taifa, mikataba ya kupanga nyumba, majibu ya vipimo vya hospitali. Hakuna aliyeziiba. Kila moja iliachwa na mtu aliyebofya kiungo katika mfumo fulani, mfumo ukatuma attachment, kompyuta ikahifadhi nakala, mtu akachapisha, akalipa, akaenda zake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na wengi wetu tunauelewa wajibu huo kama suala la nywila na seva. Lakini kompyuta ya steshenari nayo ni mwisho wa safari ya taarifa hizo, na msanidi aliyeko mbali ndiye aliyeamua, kwa neno moja katika kichwa cha jibu, kama nakala itabaki pale au la. Kwa hati zenye taarifa za mtu binafsi, mimi sasa hutumia inline pamoja na Cache-Control: no-store, ili kivinjari kionyeshe hati, kiruhusu ichapishwe, na kisiache nakala katika hifadhi yake ya muda. Hili haliwi kinga kamili, maana mtu anaweza bado kubofya kitufe cha kuhifadhi, au akasahau kutoka kwenye akaunti yake. Linazuia tu mfumo usihifadhi kwa niaba ya mtu ambaye hakuomba. Kwenye simu za Android jambo hili lina mpaka wake, kwa kuwa kwa miaka mingi Chrome ya Android haikuwa na kisomaji cha PDF ndani yake. Hata ikiambiwa inline, iliipakua hati na kuikabidhi kwa programu nyingine. Lakini simu ni ya mtu mwenyewe, na kompyuta ya steshenari ni ya kila mtu.

Ulinzi wa mlangoni nitauzungumzia kwa kifupi, kwa kuwa umeandikwa sana na wengine. Namba ya hati ikionekana katika anwani, kuna atakayeibadilisha 5821 kuwa 5822 ili aone kilichoko jirani. Ukaguzi wa ruhusa ufanyike katika msimbo unaoitoa hati, si katika ukurasa unaoorodhesha viungo, kwa sababu mtu hapiti lazima katika orodha. Udhaifu wa aina hii ndio ulioongoza orodha ya hatari za programu za wavuti iliyotolewa mwaka 2021 na OWASP, shirika la usalama wa programu. Jina la faili lisipokelewe kutoka kwa mtumiaji na kuunganishwa na njia ya folda, maana ../ chache zinatosha kumfikisha mahali asipotakiwa. Na kama watumiaji wanaruhusiwa kupakia hati zao, HTML na SVG visionyeshwe kwa inline chini ya kikoa cha mfumo, kwa kuwa vinaweza kubeba msimbo utakaotekelezwa kwa jina la anayevifungua. PDF na picha zinatosha, vingine viwe attachment, na kila jibu liwe na X-Content-Type-Options: nosniff, kinachokikataza kivinjari kubahatisha aina ya faili.

Wapo wanaosema dirisha jipya lenyewe ni kosa, na kwamba msomaji aachiwe achague. Mjadala huo ni wa zamani: toleo kali la HTML 4.01 la mwaka 1999 halikuwa na sifa ya target, na HTML5 ikairudisha. Kwa makala na habari nakubaliana nao. Kwa kazi ya karani sikubaliani, kwa kuwa nimeketi pembeni yake nikaona. Anajaza fomu yenye sehemu zaidi ya 20 huku akitazama ankara. Ankara ikifunguka juu ya fomu ile ile, anaweza kupoteza yote aliyoandika. Anahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja, fomu kushoto na ankara kulia. Asichohitaji ni vichupo 30 vya ankara ifikapo saa tisa alasiri, na kwa hilo kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitumii: badala ya _blank, kiungo kipewe jina la dirisha, kama target="ankara". Ankara ya pili itafunguka katika dirisha lile lile la ya kwanza. Tahadhari moja tu, kwamba jina halifanyi kazi hiyo likiwekwa pamoja na noopener, na ulinzi ambao vivinjari huuweka vyenyewe kwa _blank, kama Chrome ilivyoanza kufanya Januari 2021, hauyahusu madirisha yenye majina. Kwa hati zinazotoka kwenye seva yetu wenyewe hilo halina shida. Kwa viungo vya nje, _blank na noopener vibaki.

Nilirudi Kurasini mwezi uliofuata. Mama yule alikuwa amepanga madirisha yake mawili, fomu na ankara, kama nilivyomwonyesha, na hakuwa na lalamiko. Alikuwa na ombi. "Mwanangu, zipo hati nyingine ni nzito. Nikizifungua kwa simu nikiwa kwenye daladala, bando linaisha kabla sijaiona. Sasa mimi nitaijuaje kabla sijaigusa?" Sikuwa nimelifikiria. Ukubwa wa faili seva inaujua tangu mwanzo, ilikuwa ni kuuandika tu. Siku hiyo hiyo nilibadilisha maneno ya viungo vyote, na sasa mahali palipokuwa na "Fungua" pameandikwa "Fungua ankara, PDF, MB 14, dirisha jipya". Zile za MB 14 anazisubirisha mpaka afike ofisini.